Nafaka isiyokobolewa: kazi inaanza kwenye ungo, si kwenye moto

Dodoma. Mara ya kwanza mtama ulikaa jikoni tangu saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Mkaa uliongezwa mara mbili, watoto wakasinzia wakisubiri, na punje zikabaki ngumu. Mama mwenye nyumba akachemsha chai, wakala mkate, wakalala.

Hakuwa akifuata mkumbo. Mumewe alikuwa ameambiwa kliniki kuwa sukari yake iko juu, akashauriwa kupunguza ugali wa sembe na wali mweupe, ale nafaka zisizokobolewa. Ushauri mzuri, ila mara nyingi hutolewa kwa mlaji na kumsahau mpishi.

Punje nzima ina pumba kwa nje na kiini ndani. Mashine ya kukoboa huondoa vyote viwili, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini B, madini ya chuma na zinki. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na humsaidia mtoto anayepata choo kigumu. Lakini ganda hilohilo huchelewesha maji kupenya ndani, na hapo ndipo mkaa unapoishia.

Jaribio la pili mtama ulilowekwa usiku kucha. Asubuhi maji yakamwagwa, kwa sababu hubeba ukakasi, hasa wa mtama mwekundu. Yakawekwa mengine vikombe vitatu kwa kikombe kimoja cha mtama. Ulipochemka, moto ukapunguzwa na sufuria ikafunikwa. Baada ya saa moja hivi punje zilikuwa laini, chumvi ikatiwa mwishoni. Kuloweka kuna faida nyingine: hupunguza faiteti, kemikali ya asili inayouzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Mkaa ulipopanda bei, mama akahamia nje, kwenye mafiga. Moto wa kuni hauna subira. Chini paliungua na juu pakabaki pabichi. Akajifunza kuvuta kuni pembeni na kubakiza makaa tu. Siku hizi huchemsha mtama uliolowekwa kwa dakika 20, kisha huifunika sufuria vizuri na kuitia kwenye kapu lililojazwa matambara na blanketi kuukuu. Baada ya saa mbili hivi umeiva kwa joto lake wenyewe. Kabla ya kula, huurudisha motoni uchemke tena.

Watoto? Mdogo aliukataa mpaka ulipochanganywa na maharage na kitunguu cha kukaanga, kama makande. Kwa walio chini ya miaka miwili, mzazi asijaze bakuli kwa nafaka tupu. Tumbo lao ni dogo na pumba hushibisha haraka, hivyo uji uongezewe maziwa, yai au maharage yaliyopondwa.

Kisha likaja gunia la mahindi, zawadi ya bibi kutoka kijijini, ili wajukuu wale dona. Lilipofunguliwa lilinuka uvundo kidogo, na baadhi ya punje zilikuwa na ukungu wa kijani.

Hapa hakuna utani. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yaliyohifadhiwa majumbani yalihusishwa. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, kwa hiyo dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe ya mahindi hayohayo. Kuchemsha hakuiondoi, hata sufuria ikikaa motoni kutwa nzima. Karanga nazo huipata kirahisi, jambo la kukumbuka kabla ya kuzisaga kwenye unga wa lishe wa mtoto.

Mama na binti yake mkubwa walikaa mkekani na ungo, wakatoa kila punje iliyooza, iliyovunjika, iliyobadilika rangi au iliyotobolewa na wadudu. Sehemu ya chini ya gunia, iliyokuwa na unyevu, waliitenga yote. Kuku hawakupewa, maana sumukuvu huwadhuru nao. Hata mahindi yaliyobaki hayakuwa na uhakika wa asilimia 100, kwa kuwa sumu yenyewe haionekani kwa macho, hivyo yalipelekwa kukobolewa. Dona ya wiki hiyo ilitoka kwenye mahindi makavu yaliyonunuliwa sokoni na kuchambuliwa vilevile.

Mahindi mabovu yalifukiwa nyuma ya nyumba. Jioni bibi alipiga simu kuuliza kama mzigo umefika. Akaambiwa umefika, na kwamba msimu ujao mwanawe atakwenda mwenyewe kumsaidia kuanika mahindi juu ya turubai kabla hayajaingia guniani.