Madereva wa Safari Rally: Shekhar Mehta, Bingwa wa Mara Tano

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala, Uganda, tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba na mali. Alishinda Safari Rally mara 5: kwanza mwaka 1973, kisha mara 4 mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Watu wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa watoto katika miaka hiyo walilijua jina lake kupitia redio, au kwa kusimama kando ya barabara wakisubiri Datsun yake ipite na wingu la vumbi nyuma yake.

Ili ushindi wake ueleweke, lazima kwanza ielezwe Safari ya wakati ule ilikuwa mbio za namna gani, kwa maana mashindano yanayofanyika Naivasha tangu 2021 yamerithi jina lakini hayakurithi mwendo. Mbio za siku hizi hukimbiwa katika vipande vifupi vya barabara vilivyofungwa, na dereva hupimwa kwa sekunde. Safari ya zamani ilipita katika barabara za kawaida, zikiwa wazi kwa kila mtu. Lori la makaa, kundi la ng'ombe, basi la abiria na mama aliyejitwika kuni, wote walikuwa na haki yao ya kuwa njiani. Waandaaji waliweka vituo vya kukagulia muda, wakapanga gari litumie dakika ngapi kutoka kituo hadi kituo. Mahali pengi dakika hizo hazikutosha, na ziliwekwa hivyo makusudi. Kila dakika ya kuchelewa ilimletea dereva alama moja ya adhabu, na kufika mapema hakukumfaidi kitu. Baada ya siku kadhaa, mchana na usiku, na safari ya kilomita zipatazo 5,000, mwenye alama chache kuliko wote ndiye aliyetangazwa mshindi.

Hesabu ya namna hiyo haina huruma kwa mwenye papara. Dereva aliyeokoa dakika kumi kwa kukanyaga mafuta mlimani, kisha akapoteza saa nzima kwa springi iliyovunjika mtoni, alikuwa amejiangusha mwenyewe. Ndiyo sababu madereva wengi mashuhuri wa Ulaya, waliozoea theluji ya Sweden na milima ya Monte Carlo, walikuja Nairobi mwaka baada ya mwaka wakaondoka mikono mitupu. Tangu mashindano yalipoanza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, hadi 1971, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda. Wa kwanza kuivunja ngome hiyo alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, kwa Ford Escort.

Kilichowashinda wageni ni barabara na hali ya hewa. Mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yanapoanza. Barabara iliyokuwa vumbi tupu asubuhi iliweza kuwa tope jioni, na mto mkavu uliweza kufurika kwa mvua iliyonyesha milimani, mbali na pale dereva alipo. Udongo mwekundu huteleza, lakini angalau una kina kinachojulikana. Udongo mweusi wa mbugani ni balaa nyingine kabisa: ukilowa hushika gurudumu, hujaa chini ya madigadi, na gari hukaa juu ya tumbo lake huku matairi yakizunguka bure. Baadhi ya magari yalifungwa vishikizo na mahali pa kukanyaga huko nyuma, ili mwelekezi ashuke, apande kwa nje na kurukaruka, uzito wake ukandamize magurudumu yapate kushika ardhi. Gari likinasuka, dereva hakuthubutu kusimama mpaka apate pakavu, na mwelekezi alilikimbilia kwa miguu, tope hadi magotini. Mwaka 1963, magari 84 yalianza safari na 7 tu yakafika mwisho. Mwaka 1968 yalifika 7 tena.

Mehta aliingia katika mchezo huu mwaka 1966, akiwa na miaka 21, kwa gari aina ya BMW. Kuwa na uwezo wa fedha kulimsaidia, na si jambo la kufichwa: mbio za magari hazijawahi kuwa mchezo wa mtu asiye na kitu. Lakini fedha haimfundishi mtu kusoma tope, na vijana wengi wa familia za kitajiri walijaribu Safari wakaishia makorongoni. Bahati yake kubwa ni kwamba alianza kukomaa wakati ambapo kampuni ya Nissan ya Japani ilikuwa imeamua kuitumia Safari kuuonyesha ulimwengu ubora wa magari yake ya Datsun. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, dereva wa Kenya, aliishindia kampuni hiyo kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 Herrmann alishinda tena, sasa kwa Datsun 240Z, gari la michezo lenye injini ya silinda 6 na lita 2.4. Nyuma yake, katika gari la aina hiyohiyo, alikuwa Mehta.

Mwaka uliofuata ulibadilisha maisha yake. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia kutoka Uganda na kuwapa siku 90 tu. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa maelfu waliolazimika kuondoka. Yeye alihamia Kenya, na tangu hapo akawa dereva wa Kenya. Miezi michache tu baada ya hapo, wakati wa Pasaka ya 1973, alikuwa tena nyuma ya usukani wa 240Z, mwelekezi wake akiwa Lofty Drews.

Mbio za mwaka huo zilimalizika kwa namna ya pekee katika historia ya Safari. Baada ya maelfu ya kilomita, alama zilipojumlishwa, Mehta alikuwa na 406, na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun 1800 SSS, alikuwa na 406 vilevile. Walilingana sawasawa. Kanuni ilikuwepo tayari: alama zikilingana, mshindi ni yule aliyesafiri mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila doa, akapewa ushindi. Nafasi ya tatu ilishikwa na Ove Andersson kwa Peugeot 504; mwelekezi wake, Mfaransa Jean Todt, baadaye alikuja kuwa rais wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, yaani FIA.

Wapo waliosema kwamba ule ulikuwa ushindi wa bahati. Hoja hiyo haina nguvu. Kanuni ya kuvunja sare ilijulikana na madereva wote kabla ya bendera kushushwa, nayo ilipima jambo lilelile ambalo Safari nzima ilikuwa ikilipima: nani anaweza kukaa muda mrefu zaidi bila kukosea. Isitoshe, 1973 ndio mwaka ambao mashindano ya dunia ya rally yalianzishwa, na Safari ilikuwa mbio ya nne katika kalenda hiyo ya kwanza. Tatu za mwanzo zilikuwa zimechukuliwa na madereva wa Ulaya. Kwa hiyo mkimbizi wa Kampala akawa dereva wa kwanza asiye wa Ulaya kushinda mbio ya ubingwa wa dunia. Hakupata taji la dunia kwa hilo, kwa sababu wakati ule lilitolewa kwa kampuni za magari tu. Taji kamili la madereva lilianza 1979.

Miaka mitano iliyofuata haikumpa ushindi wa Safari. Joginder Singh, mwenyeji mwingine, alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, Andersson akashinda 1975, Björn Waldegård wa Sweden 1977, na Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa 1978. Ilionekana kana kwamba zama za wenyeji zinakwisha. Kampuni za Ulaya sasa zilikuja na ndege, helikopta za kuchungulia njia, na misururu ya magari ya mafundi, na madereva wao walianza kuijua nchi.

Hapo ndipo Mehta alipoonyesha ukubwa wake. Mwaka 1979 aliingia na Datsun 160J, mwelekezi akiwa Mike Doughty, aliyebaki naye katika mara zote nne alizoshinda mfululizo. Kwa macho tu, 160J haikuwa gari la kutisha. Injini yake ilikuwa ya silinda 4, magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma, na umbo lake ni la gari dogo la familia. Mpinzani mkubwa mwaka huo alikuwa Mercedes, iliyoleta magari ya 450 SLC yenye injini za lita 5, silinda 8, pamoja na jeshi la mafundi kutoka Ujerumani. Katika barabara iliyonyooka Mercedes iliiacha Datsun bila shida. Lakini Safari haikuwa na barabara nyingi zilizonyooka. Datsun ilikuwa nyepesi, imara, na rahisi kutengenezwa. Shokapu au ekseli iliyovunjika ilibadilishwa upesi kando ya njia, na fundi hakuhitaji kufumua nusu ya gari ili akifikie kilichoharibika. Mehta alishinda, na Mikkola, aliyeendesha Mercedes, akawa wa pili.

Uendeshaji wake katika miaka hiyo ulikuwa wa mtu anayeweka akiba. Pale ambapo muda ulikuwa hautoshi kwa yeyote, alikubali kupoteza dakika chache kuliko kulivunja gari. Pale ambapo aliijua njia na wenzake hawakuijua, ndipo alipokimbia. Maarifa hayo yalipatikana kwa kuzunguka njia zote kabla ya mbio, yeye na Doughty, wakiandika kila kona, kila karavati na kila mteremko unaoficha shimo, na kupanga ni wapi mafundi watasubiri na vipuri gani. Mgeni aliweza kununua helikopta. Miaka ya kupita njia zilezile katika kiangazi na katika masika haikununuliwa.

Mwaka 1980 alishinda tena, na 1981 tena, sasa kwa Datsun Violet GT. Miaka yote miwili wa pili alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, mwenzake katika timu, bingwa wa zamani wa Ulaya ambaye aliitamani Safari maisha yake yote ya mbio na hakuipata kamwe. Mwaka 1982 ulileta mtihani mzito kuliko yote. Walter Röhrl wa Ujerumani, aliyekuwa bingwa wa dunia wa 1980 na ambaye angetwaa taji tena mwishoni mwa 1982, alikuja na Opel Ascona 400. Röhrl alimaliza wa pili. Kama kuna ushindi mmoja unaotosha kuonyesha kwamba Mehta hakuwa tu hodari wa nyumbani aliyebebwa na uzoefu wa barabara zake, ni huu: alimshinda dereva bora wa dunia katika mwaka wake bora, kwa gari ambalo halikuwa na nguvu za kupita kiasi.

Nje ya Kenya matokeo yake hayakuwa haba. Mwaka 1981 alikuwa wa pili katika mbio za Argentina, mwelekezi wake akiwa mkewe, Yvonne, ambaye naye alikuwa mtu wa mbio kwa haki yake mwenyewe. Mwaka huohuo alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva na akatwaa ubingwa wa Afrika. Baada ya hapo mchezo ulibadilika. Magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne, yenye injini za turbo, yaliyafanya magari ya aina ya Datsun yaonekane ya kale. Mehta aliendelea na Nissan, kisha akaajiriwa na Peugeot, na mwaka 1986 aliiendesha 205 T16 katika Safari, lakini ushindi wa sita haukupatikana. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya nchini Misri katika mbio za jangwani ziitwazo za Mafarao. Aliumia sana, na hapo ndipo maisha yake ya ushindani yalipokoma.

Hakuuacha mchezo. Aligeukia uongozi, na mwaka 1997 akawa rais wa kamati ya rally ya FIA, chombo kinachosimamia kanuni na kalenda ya mbio hizo duniani. Zilikuwa nyakati ngumu kwa Safari. Televisheni ilitaka mbio fupi zinazotazamika kwa urahisi, kampuni za magari zilitaka gharama ndogo, na mbio za maelfu ya kilomita katika barabara za wazi hazikuendana na lolote kati ya hayo. Baada ya mbio za 2002, Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia. Iliporudi mwaka 2021, Mehta alikuwa amekwisha kufariki kwa miaka 15.

Katika Safari zilizohesabiwa katika ubingwa wa dunia, anayemfuata ni Waldegård, aliyeshinda mara 4, katika miaka ya 1977, 1984, 1986 na 1990. Juha Kankkunen wa Finland na Colin McRae wa Uskoti walishinda mara 3 kila mmoja. Ushindi wa Mehta wa miaka 4 mfululizo haujafikiwa na yeyote.

Makala ijayo itamhusu Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda Safari mara 3, mara ya kwanza mwaka 1965 kwa Volvo kuukuu iliyokuwa imekwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia.