Hazina ya Mzima: Matembezi ya Siku Moja kutoka Mtito Andei

Ndugu mkulima, huenda mwanao amekwisha kukuambia habari za mchezo wa jiokeshi, naye akakuomba simu yako aende nayo porini. Usimkatalie upesi. Mchezo huu ni wa kutafuta kitu kilichofichwa, na njia ya kukifikia huonyeshwa na setilaiti zilizo juu angani. Ulianza Marekani mwezi wa Mei mwaka 2000. Serikali ya huko iliacha kuvuruga mawimbi ya GPS kwa watu wa kawaida, na siku ya pili yake Dave Ulmer alificha ndoo katika jimbo la Oregon, akawatangazia watu namba za mahali ilipo. Ndani yake aliweka vitabu, manati na hata kopo la maharage! Haikupita siku nyingi kabla ya ndoo kupatikana.

Kanuni yake ni nyepesi. Mwenye kuficha hutoa namba mbili: moja yaonyesha umbali wa kusini au kaskazini ya ikweta, na nyingine umbali wa mashariki au magharibi. Mtafutaji hufuata namba hizo, na akikipata kisanduku huandika jina lake katika daftari iliyomo, kisha hukirudisha palepale. Akitaka kutwaa kitu, sharti aache kingine chenye thamani sawa.

Hapa yafaa nikuonye jambo moja. Simu hukosea kwa mita 5 hivi mahali peupe, na chini ya miti hukosea zaidi. Katika mchezo si neno, maana utapekua kidogo na kukiona. Lakini ukichukua simu hiyo kumgombeza jirani juu ya mpaka, mita 5 katika upande wa shamba wenye mita 200 ni karibu robo eka. Mpaka ni mawe ya mpima ardhi, wala si simu.

Sasa twende Mzima. Chemchemi hizi zimo katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, kilomita 48 hivi kutoka Mtito Andei, karibu na digrii 3 kusini na digrii 38 mashariki. Ndani ya mbuga hukubaliwi kutembea kwa miguu ovyo. Mtakwenda kwa gari, na huko Mzima mtashuka kufuata njia fupi iliyotengenezwa kando ya maji. Ni matembezi mepesi, hata mzee ataweza. Fuateni maneno ya askari wa wanyama, kwa kuwa mamba wapo.

Usifiche kisanduku huko. Nyani atakifungua, plastiki itaingia majini, na kitu kilichofichwa karibu na bomba la maji ya watu wengi chaweza kumtia askari wasiwasi. Tangu mwaka 2004 iko namna nyingine ya mchezo huu isiyoacha kitu chochote: mtafutaji hufika mahali, akaangalia ardhi, akajibu maswali. Namna hiyo ndiyo ifaayo hapa. Waandikieni watoto maswali kabla ya kuondoka. Kwa nini maji haya ni meupe kama kioo, na nchi yote ya kando ni kavu? Mbona hakuna mto unaoonekana ukiingia?

Jibu liko upande wa kaskazini, katika vilima vya Chyulu. Vilima hivyo ni jivu na mawe yaliyotapikwa na volkano, yenye matundu mengi, na kwa ajili hiyo havina mito. Mvua yote huzama. Hupita chini kwa chini, ikichujwa na mwamba, mpaka itokeze Mzima. Wengine hukadiria ya kuwa safari hiyo yaweza kuchukua miaka 25. Basi fikiri: mvua iliyonyesha Chyulu mwaka ule Ulmer alipoficha ndoo yake, huenda ndiyo inayobubujika miguuni pako leo.

Mtaona mafunjo, mikindu na mikuyu. Kipo pia chumba cha vioo kilichozamishwa ndani ya maji, ambamo mwaweza kuwaona samaki. Viboko hulala majini mchana na kula majani usiku, na mavi yao huwalisha wadudu wa majini, nao wadudu huwalisha samaki. (Mwenye zizi hana haja ya kufundishwa faida ya samadi.)

Huenda ukasema: mbuga hiyo haina hazina yangu, tembo wake wamenila mahindi. Malalamiko hayo ni ya haki, na matembezi ya siku moja hayalipi gunia hata moja. Lakini maji ya Chyulu hayaishii mbugani. Chemchemi za Umani, karibu na Kibwezi, hupata maji yake kutoka vilima hivyohivyo, na tangu miaka ya 1950 bomba la Mzima limekuwa likipeleka maji mpaka pwani. Msitu wa juu ukichomwa kwa mkaa au kwa malisho mapya, ukungu hukosa miti ya kuunasa, na udongo mtupu huchukuliwa na mvua. Hasara yake huenda usiione mwaka huu wala mwaka ujao. Atakayeiona ni huyo mtoto aliyekuomba simu.

Mkirudi nyumbani, mwagieni kibuyu kimoja cha maji juu ya kokoto za volkano, na kingine juu ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, watoto wajionee wenyewe. Kisha wafiche kisanduku chao katika shamba lako, ukiwapa ruhusa, mbali na mizinga ya nyuki.

Lango la Mtito Andei hufunguliwa saa 12 asubuhi na hufungwa saa 12 jioni. Ulizeni ada mapema, hasa kama ni kundi la shule. Chukueni maji ya kunywa, kofia, na kalamu ya kuandikia majibu.