Unataka kuchaji betri za bodaboda dukani? Piga hesabu ya saa kwanza

Leo naandika kuhusu biashara ambayo imeanza kubisha hodi huku kwetu Tongoni. Bodaboda za umeme zimeanza kuonekana barabara ya Pangani, na kijana mmoja anayeendesha amenifuata dukani na ofa. Yeye na wenzake wana betri tano. Wanataka kuziacha kwangu kila siku saa moja jioni, wazichukue alfajiri, wanilipe 2,000 kwa kila betri. Sikumjibu papo hapo. Nilichukua daftari.

Betri aliyonionyesha imeandikwa volti 72, ampea 40 kwa saa. Ukizidisha unapata kama uniti 2.9. Chaja nayo inapoteza kidogo kwa joto (ishike utaona), kwa hiyo weka 3.3 kwa kila betri ikijaa. Betri tano ni uniti 16.5 kwa usiku mmoja.

Sasa hapa ndipo wengi watalia. Wengi wetu duka liko ubavuni mwa nyumba na LUKU ni ile ya nyumbani, kundi la D1. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100, ukiweka kodi na tozo zinafika 122. Ukipita 75, kila uniti inaruka mpaka 350, na makato yake inakuwa 427. Betri tano zinamaliza zile 75 kabla ya usiku wa tano kuisha! Yaani unaanza mwezi ukiona betri moja inakula shilingi 400, unajisifu umepata dili, halafu siku zote zilizobaki kila betri inakula 1,400. Na mama watoto akiwasha taa au feni naye ananunua kwa bei hiyohiyo. Ukiendelea hivyo TANESCO wanakuhamishia T1, ambako uniti ni 292, na makato ni kama 356. Kuchajisha kwa biashara, hesabu yako ianzie T1: betri moja 1,175. Ukitoza 2,000 unabaki na 825. Betri tano, usiku 26, ni laki moja na ushee.

Si mbaya. Ila hesabu haijaisha, kwa sababu ya ile saa moja jioni.

Chaja moja inavuta kama wati 800. Tano zikichomekwa pamoja ni wati 4,000, sawa na kuwasha pasi nne kwa mpigo na kuziacha saa nne nzima. Na saa moja jioni ndipo kijiji kizima kimewasha taa, TV, feni, na wauza samaki wana mafriza yao. Wote tunanyonya transfoma moja. Transfoma nyingi za vijijini ni ndogo, kVA 50 au 100. Wakitokea bodaboda 30 wakachomeka jioni ileile, hizo ni kama kilowati 24, karibu nusu ya transfoma ya kVA 50. Ndiyo unaona umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia, friza linaguruma bila kugandisha. Mtu anasema nchi haina umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya kufua megawati 2,115, na hapa Tanga tuna Pangani Falls, megawati 68. Umeme unaweza kuwepo wa kutosha huko juu, ukakwama kwenye transfoma na nyaya za mtaani kwako.

Kumbe hili jambo linasumbua mashirika ya umeme dunia nzima, na dawa yao kubwa ni bei.

Angalia jirani zetu Kenya. Mwaka 2023 mamlaka yao ya nishati, EPRA, ilitoa bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za kawaida, na 8 saa za usiku mkubwa, kabla ya tozo na kodi. Nusu bei! Si huruma hiyo. Kule Olkaria, Naivasha, wanafua umeme kwa mvuke wa ardhini, na mvuke huwezi kuufunga kama bomba la maji kila watu wakilala. Usiku wateja wachache, mvuke unaachiwa hewani. Mfanyabiashara akiwa na mzigo unaomwagika anafanyaje? Anashusha bei. Kwa hiyo mtu mwenye mabasi ya umeme Nairobi anayalaza yakichaji usiku, Kenya Power wanauza kitu ambacho kingepotea.

Rwanda nao mwaka 2021 waliruhusu vituo vya kuchaji vilipe bei ya viwandani, na unafuu zaidi nje ya saa za msongamano.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Sheria iliyoanza 30 Juni 2022 inataka chaja mpya za nyumbani ziuzwe zikiwa tayari zimepangwa kukwepa saa za msongamano, ikiwemo saa kumi jioni hadi saa nne usiku siku za kazi. Mwenye gari akitaka anabadilisha. Halafu kuna kijanja kimoja nilikipenda: kila chaja inasubiri muda wake wa bahati nasibu, hadi dakika 10, ndipo iwake. Kwa nini? Fikiria bei inashuka saa nne kamili na magari laki moja yanaanza kuvuta kwa sekunde ileile. Ungekuwa umehamisha msongamano tu, kutoka saa moja kwenda saa nne.

Kampuni za kubadilishana betri, kama Ampersand ya Kigali na Nairobi, zina njia nyingine. Dereva anaacha betri tupu, anachukua iliyojaa, anaondoka. Ile tupu haina haraka, inaweza kukaa rafu mpaka umeme uwe mwepesi. Hiyo ni stoo, wadau. Muuza barafu anaijua: unagandisha usiku, unauza alfajiri kwa wavuvi.

Kwetu bei ya T1 ninayolipa ni ileile mchana na usiku, hivyo LUKU hainipi zawadi nikisubiri. Lakini wakubwa tayari wanabanwa. Ukipita uniti 7,500 kwa mwezi unaingia T2: uniti inashuka hadi 195, ila unalipia pia kilele chako cha mwezi, shilingi 15,004 kwa kila kVA, kabla ya kodi. Mwenye kituo cha betri 100 akizichomeka zote pamoja anafika kama kVA 80. Akizigawa mikupuo miwili anafika 40. Betri ni zilezile, uniti ni zilezile, tofauti ni zaidi ya laki sita kila mwezi. Ukiota kukua, anza kuzoea mikupuo ungali mdogo.

Basi nilimjibu kijana hivi. Betri alete saa yoyote, mimi nachomeka tatu saa nne usiku, na mbili saa nane, kwa taima za soketi. Alfajiri zote zimejaa. Friza langu jioni linabaki na umeme wake, na jirani hanilaumu. Fundi mwenye leseni anavuta waya wa peke yake kutoka meni swichi hadi rafu ya betri, na breka yake. Ekstensheni ya kuchomeka chaja tano, hapana, hiyo ni kuchoma duka. Rafu iko kwenye baraza lenye sakafu ya saruji na hewa, mbali na mafuta ya taa na magodoro. Betri iliyovimba au kuloa maji ya chumvi siipokei hata kwa 5,000.

Amekubali, ila anataka 1,800. Nimemwambia 1,800 ni kwa atakayelipa wiki nzima mapema. Fundi anakuja Jumamosi.