Vidonda vya Tumbo: Maumivu Yaliyozoeleka Bure

Katika kata ya Bugomora, iliyo leo ndani ya wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, chakula cha kila siku ni ndizi na maharagwe, na zao la fedha ni kahawa. Mkulima wa huko akilalamika kwamba chembe cha moyo chamchoma, aghalabu majirani humwambia kuwa ana vidonda vya tumbo, na kwamba vimeletwa na maharagwe, au kahawa, au mawazo mengi. Hushauriwa kuacha maharagwe, kunywa maziwa kwa wingi, na kutembea na vidonge vya magnesiamu mfukoni. Maumivu hupoa wiki mbili, yakarudi wiki ya tatu, hasa usiku wa manane tumbo likiwa tupu. Miaka hupita hivyo, naye huyahesabu kuwa sehemu ya umri wake.

Mazoea hayo hayana haja. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria na huweza kupona kabisa. Tena si kila maumivu ya chembe cha moyo ni kidonda. Ili kuona kwa nini ni hivyo, hatuna budi kuanza na tumbo lenyewe.

Kuta za tumbo hutoa tindikali ya haidrokloriki yenye pH ya 1 hadi 2, yaani kali kuliko siki. Tindikali hiyo huua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula, na huwezesha kimeng'enya cha pepsini kusaga protini. Lakini tumbo lenyewe ni nyama, na nyama ni protini. Mbona halijisagi? Kinga yake ni tabaka jembamba la ute lenye chumvi za baikaboneti, ambalo huizimua tindikali kabla haijagusa ngozi ya ndani. Tabaka hilo likidhoofika, tindikali hupenya na kuchimba. Shimo hilo ndilo kidonda. Huweza kuwa tumboni penyewe, au katika duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba.

Mwalimu wa kemia anaweza kulionyesha darasa jinsi magadi yanavyotuliza maumivu. Atie magadi kidogo katika siki: povu litakaloinuka ni gesi ya kaboni dioksidi, na tindikali itakuwa imepungua. Ndiyo sababu mtu aliyekunywa maji ya magadi hucheua mara. Nafuu ni ya kweli, ila tumbo hutengeneza tindikali nyingine muda si mrefu. Maziwa nayo huzimua tindikali kidogo, kisha protini na kalsiamu iliyomo huliamsha tumbo kutoa nyingine. Mgonjwa anayeyategemea huzunguka pale pale.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe hawakuwa mbali na fikra za majirani wa Bugomora. Waliamini kwamba chanzo ni tindikali kuzidi, wasiwasi na chakula kikali. Wagonjwa wengi walipasuliwa, wengine wakakatwa sehemu ya tumbo, wengine mishipa ya fahamu inayoliamrisha tumbo kutoa tindikali. Katika miaka ya 1970 ilipatikana dawa ya simetidini, ya kupunguza tindikali, na ikawaepusha wengi na kisu. Vidonda vilipona, lakini dawa ilipoachwa vingi vilirudi. Kurudi huko kulipaswa kumshtua kila mtu.

Huko Perth, Australia, Robin Warren alikuwa akiona bakteria waliojipinda katika vipande vya nyama vilivyochukuliwa kutoka matumboni mwa wagonjwa. Yeye na daktari kijana, Barry Marshall, walijaribu mara nyingi kuwaotesha bakteria hao wasifaulu, kwa kuwa sahani zilitupwa baada ya siku mbili. Mwaka 1982 siku za Pasaka ziliacha sahani ndani ya kiatamizi muda mrefu kuliko kawaida, na bakteria wakaota. Wengi hawakusadiki, hivyo mwaka 1984 Marshall akanywa maji yenye bakteria hao. Baada ya siku chache alianza kutapika, na tumbo lake likaonekana limevimba ndani. Hakupata kidonda, lakini alionyesha kwamba mtu mzima mwenye afya aweza kuugua tumbo kwa kuambukizwa. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo, Helicobacter pylori, huishi ndani ya ule ute. Ana kimeng'enya cha urease kinachovunja urea na kutoa amonia, nayo amonia humzungushia wingu la kuzimua tindikali. Ni ujanja wa ajabu kwa kiumbe kisichoonekana kwa macho. Huambukizwa zaidi utotoni, kutoka mtu hadi mtu ndani ya nyumba.

Urafiki wake na binadamu ni wa kale, na unatuhusu sisi hasa: uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu walipotoka Afrika Mashariki kusambaa duniani, yapata miaka 58,000 iliyopita, walikuwa tayari wamembeba. Mwaka 1975 daktari mpasuaji Mwingereza, Frank Tovey, pamoja na mwenzake Tunstall, walitangaza mapitio ya mahali vidonda vya duodeni vilipokuwa vingi barani Afrika. Mojawapo ya maeneo hayo lilikuwa nyanda za juu zinazogawa maji ya Nile na ya Congo, na Mto Kagera, unaopita mpakani mwa Kyerwa, huanzia huko. Hivyo mkulima wetu hayuko pembeni ya habari hii.

Wengi wenye bakteria hao, hata hivyo, hawapati kidonda maisha yao yote. Mwaka 1992 mtaalamu mmoja aliliita jambo hili fumbo la Afrika: bakteria tele, vidonda haba. Wengine wamejibu kwamba vidonda vilionekana haba kwa sababu vyombo vya kuvitazama vilikuwa haba. Kwa maoni ya mwandishi, jibu hilo lina uzito, kisichotazamwa hakihesabiwi.

Chanzo cha pili cha vidonda hununuliwa dukani. Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini, na hizo ndizo zinazolinda ute wa tumbo. Mtu aliyeshinda na jembe, mgongo ukamuuma, akameza diklofenaki kila jioni, analibomoa tumbo lake bila kujua. Parasetamoli haina madhara hayo ya tumbo. Maharagwe na kahawa havichimbi vidonda, ingawa vyaweza kumsumbua mwenye kidonda tayari. Hakuna sababu ya kumnyima mtu maharagwe, ambayo ni protini yake. Sigara huchelewesha kupona, na gongo huunguza.

Je, maumivu ni ya kidonda kweli? Kwa kuuliza tu haijulikani. Mawe ya nyongo, amiba, kongosho na hata saratani ya tumbo huweza kuuma mahali hapo hapo, na kwa wengi waliotazamwa ndani hakuna kidonda kinachoonekana. Kipimo cha hakika ni endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni. Kwa mkazi wa Bugomora huenda ikamaanisha safari ndefu mpaka hospitali ya rufaa kama Bugando, Mwanza. Bakteria huweza kutafutwa karibu zaidi kwa kupima choo. Kipimo cha damu huonyesha kingamwili tu, ambazo hubaki hata baada ya bakteria kufa. Wako watu wanaotibiwa mara tatu kwa sababu ya karatasi hiyo.

Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu, au anayeshikwa ghafla na maumivu makali na tumbo kuwa gumu kama ubao, asingoje kipimo chochote. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kidonda kikitoboka, maisha yamo hatarini.

Bakteria wakipatikana, daktari huandika angalau antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kuzuia tindikali, kama omeprazoli, kwa siku zipatazo 14. Maumivu huweza kutulia mapema, na hapo wengi huacha vidonge kabatini. Bakteria waliobaki ndio wanaojifunza usugu. Kupima choo tena kufanyike wiki 4 au zaidi baada ya antibiotiki kwisha, na omeprazoli iwe imeachwa kwa wiki 2, kwa kuwa huwaficha bakteria bila kuwaua.