Fahamu: Candace Hilligoss na filamu zake mbili za kutisha

Sisi wa Songea, tuliozoea kutishwa katika mabanda ya video na majini wa filamu za Mussa Banzi, kama Nsyuka na Shumileta, twastahili kumjua pia Candace Hilligoss, mzaliwa wa South Dakota, Marekani, ambaye jina lake limedumu katika historia ya sinema kwa ajili ya kazi mbili tu.

Ya kwanza, Carnival of Souls ya mwaka 1962, iliongozwa na Herk Harvey, mtengenezaji wa filamu za mafunzo mjini Lawrence, Kansas, kwa takriban dola 33,000. Humo Candace ni Mary, mpiga kinanda wa kanisani, ambaye, baada ya gari alilopanda na wenzake kutumbukia mtoni, hutoka akiwa hai, kisha pole kwa pole hujikuta ametengwa na wanadamu, wasiomwona wala kumsikia, huku mzuka wa uso mweupe ukimwandama hadi jumba la starehe lililohamwa kando ya Ziwa la Chumvi, Utah. Hofu yote imo machoni mwake, na kule kuduwaa kwake, kwa rai yangu, ndiko roho ya filamu.

Mapato ya filamu hiyo yalikuwa haba. Mwaka 1964 Candace akaigiza katika The Curse of the Living Corpse, kisha sinema ikamwacha, jambo linalonihuzunisha hasa, kwani filamu ile ya kwanza, iliyotolewa bila alama ya hakimiliki, iliendelea kunakiliwa na kurushwa usiku katika televisheni, ikapata mashabiki wake, hata ikarejeshwa majumbani mwa sinema mwaka 1989, naye amekwisha kuvuka miaka 50.