TRELA LIKIHARIBIKA NJIANI, NANI ATAKUJA?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ikiwa unaishi pande hizi zetu za Kwanza huhitaji kalenda kujua kwamba mahindi yamekauka. Kuanzia Oktoba barabara za kuelekea Kitale hujaa matrekta yanayokokota matrela yaliyosheheni magunia. Sisi wanafunzi wa kutwa twayajua sana matrekta hayo, kwa maana tunatembea kando yake asubuhi na jioni tukila vumbi. Na karibu kila wiki ya msimu utaona trela moja limelala kando ya njia, tairi limepasuka, tanboi amejinyoosha juu ya magunia, na matawi ya miti yametandazwa barabarani ili kuwaonya wenye magari.

Je, watu hao wanamngoja nani? Hilo ndilo swali lililonifanya niwaulize madereva, mafundi wawili na ajenti mmoja wa bima mjini Kitale. Wengine walisema wanamngoja Mungu tu. Wengine wamelipia msaada wa njiani, na hao ndio nitakaowazungumzia, kwa sababu niligundua jambo la kushangaza: wengi wao wamelipia trekta, hawakulipia trela.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Bima si msaada wa njiani. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, humtaka mwenye gari linalotumia barabara awe na bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo ni ya kumlipa mtu aliyeumizwa na gari lako, au jamaa zake ikiwa amefariki, na kiwango chake kwa mtu mmoja hakizidi shilingi milioni 3. Haina habari na tairi lako lililopasuka. Hata ukiwapigia simu ukilia machozi, hakuna fundi atakayekuja. Vivyo hivyo ile Kadi ya Manjano ya COMESA ambayo huchukuliwa na wanaovuka kwenda Uganda kupitia Suam au Malaba. Kadi hiyo ni ya madai ya watu utakaowaumiza ng'ambo ya mpaka. Haikokoti gari hata hatua moja.

Msaada wa njiani, kwa upande mwingine, ni ahadi ya kwamba chombo chako kikikwama mtu atakuja kukitengeneza pale pale, na akishindwa atakikokota hadi gereji. Jambo hili ni la zamani. Chama cha wenye magari cha Marekani kiitwacho AAA kilianzishwa mjini Chicago mwaka wa 1902, na kile cha Uingereza, AA, mwaka wa 1905. Wafanyakazi wa kwanza wa AA ya Uingereza walizunguka kwa baiskeli, na kazi yao ilikuwa kuwatahadharisha wenye magari kuhusu mitego ya polisi waliovizia wanaokwenda kasi! (Polisi wa trafiki wa hapa kwetu wangewakamata mchana kweupe.) AA yetu ya Kenya nayo ina asili yake katika mwaka wa 1919. Siku hizi msaada huo waweza kuupata kwa uanachama wa chama kama hicho, au ukaongezwa ndani ya bima kamili kutoka kwa kampuni ya bima.

Huko Marekani na Uingereza trela linalosumbua vichwa vya watu si la mahindi. Ni nyumba ndogo ya magurudumu, yenye kitanda na jiko, ambayo familia huifunga nyuma ya gari wakienda likizo. Huenda hata hapa ukaona watalii wakikokota kitu kama hicho wakielekea lango la Chorlim la Mbuga ya Mlima Elgon. Basi hata kwa wenzetu hao tatizo ni lile lile. Katika vilabu vingi vya AAA lazima uongeze malipo ndipo nyumba hiyo nayo ihudumiwe. Uingereza huhudumiwa kwa masharti ya urefu na uzito. Asiyesoma masharti anaweza kuona gari lake likiinuliwa na kupelekwa gereji, huku nyumba, kitanda na sufuria vikibaki porini.

Sasa turudi nyumbani. Trela ni chombo kinachojitegemea. Trela la lori husajiliwa kwa namba yake lenyewe inayoanza na herufi Z, na namba ya trekta huanza na KT. Kwa hiyo ukilipia msaada kwa namba ya trekta, mwenye gari la kukokota akifika atatazama karatasi yake na kuona namba moja tu. Ajenti niliyezungumza naye alinieleza hivi: "Kijana wangu, hati nyingi huhesabu trela kuwa kitu kimoja na gari maadamu limefungwa nyuma yake. Likifunguliwa, hapo ni hadithi nyingine." Na msaada ukija, jambo la kwanza wanalofanya ni nini? Wanalifungua!

Mjomba wangu yalimpata mwaka wa 2022. Alikuwa akipeleka mahindi ya majirani Kitale, ekseli ya trekta ikavunjika saa kumi alasiri. Kampuni aliyokuwa ameilipa (jina lake halina haja hapa) ilileta gari saa tatu usiku. Walifunga trekta vizuri sana, siwezi kusema uongo. Mjomba alipouliza juu ya trela akajibiwa, "Hilo halimo, mzee." Wakaondoka. Akalala juu ya magunia pamoja na tanboi wake, wakipokezana kukesha.

Watu wakisikia kisa hicho hufikiria wezi. Mimi nafikiria zaidi taa. Taa za nyuma za trela, kama zipo, hupata umeme kutoka kwa trekta. Trekta likishaondolewa, trela ni ukuta mweusi uliowekwa kando ya barabara. Pikipiki ikija na abiria wawili, gari lingine likimmulika dereva machoni, ataona nini? Sheria inataka pembe tatu nyekundu zinazong'aa ziwekwe barabarani gari likisimama kwa kuharibika, lakini wengi bado hutegemea matawi, na matawi hayang'ai usiku. Kukitokea ajali ndipo watu huanza kubishana kama trela lililofunguliwa bado lina bima au halina. Ndiyo maana nasema kulipia trekta peke yake ni kulipia nusu ya safari, tena nusu iliyo nyepesi.

Nimesema nyepesi kwa sababu ya mzigo. Hesabu ni rahisi. Gunia moja la mahindi ni kilo 90, kwa hiyo magunia 60 ni kilo 5,400, bila kuhesabu chuma cha trela lenyewe. Gari la kukokota linaloweza kuinua gari dogo la nyumbani haliwezi kugusa kitu hicho. Fundi mmoja alicheka nilipomuuliza. Alisema yeye hutoza bei moja kwa trela tupu na nyingine kabisa kwa lililojaa, na kwamba watu wengi wa msaada hukataa lililojaa mpaka lipakuliwe. Basi nani atapakua? Magunia yatawekwa wapi? Nani atayalinda? Usipouliza maswali haya siku ya kulipa, utayauliza gizani.

Isitoshe, mahindi hayangoji. Halmashauri ya Nafaka na Mazao hupima unyevu, na mahindi yanayozidi asilimia 13.5 hayapokelewi mpaka yakaushwe. Mwezi wa Oktoba na Novemba mvua yaweza kunyesha wakati wowote. Mkulima ameanika mahindi yake uani wiki mbili, akiyageuza na kuyaanua kila wingu likitokea, halafu yanaloa kando ya barabara usiku mmoja kwa sababu trela "halimo". Lo! Atayarudisha nyumbani na kuanza upya, au atawauzia mabroka kwa bei watakayotaka wao. Na karo za shule nyingi za hapa hutoka ndani ya magunia hayo. Msomaji, wewe mwenyewe wajua. Kwa sababu hiyo turubai nzuri ni sehemu ya msaada wa njiani kama ilivyo jeki.

Jambo lingine ni mahali msaada unapotoka. Kutoka Nairobi hadi Kitale ni karibu kilomita 380. Simu ikipokelewa Nairobi si neno, simu ni simu. Linaloumiza ni gari lenyewe kutoka mbali. Uliza wazi wazi: mtu wenu wa pande hizi ni nani? Yuko Kitale, Bungoma, au mpaka atoke Eldoret? Je, atakubali kuingia barabara za udongo za kwenda Kapomboi mvua ikiwa imenyesha, au ataniambia nijivute mwenyewe hadi kwenye lami? Baadhi ya mikataba husema kinagaubaga kwamba msaada ni wa barabara zinazopitika. Nani anayeamua kama inapitika? Dereva wao, si wewe.

Kuhusu fedha sitasema mengi, maana bei hubadilika. Ila jua kwamba kila ahadi ina kikomo. Huenda ikawa cha shilingi, cha kilomita, au cha mara ngapi kwa mwaka. Gharama ikizidi hapo, ziada ni yako. Zipo kampuni zinazokutaka ulipe kwanza kisha urudishiwe, na hapo bila risiti huna lako. Tena huduma nyingine huanza siku kadhaa baada ya kulipa, kwa hiyo kukimbia kulipa asubuhi ya safari hakusaidii kitu.

Sasa basi, mtu wa Kwanza achague nini? Wapo watakaonipinga, lakini maoni yangu ni haya. Ikiwa una lori na trela linalokwenda Webuye, Eldoret au Nairobi, lipia msaada rasmi, na uhakikishe namba zote mbili zimeandikwa kwenye hati, pamoja na neno la kuonyesha kwamba trela litahudumiwa likiwa na mzigo. Maneno ya mdomo ya ajenti hayatoshi, hata akiwa mtu wa kanisa lenu. Akisema "hiyo imo", mwambie akuonyeshe mstari.

Lakini ikiwa trekta lako linazunguka hapa hapa tu, kutoka shambani hadi Kitale na kurudi, sioni faida ya kuilipa kampuni ya mbali ambayo haina mtu karibu. Afadhali lile wanalofanya wenye matrekta saba wa kijijini kwetu. Baada ya yaliyompata mjomba walikaa chini wakakubaliana. Kila mwenye trekta hutoa fedha kidogo mwanzoni mwa msimu, nazo hutumwa kwa simu kwa mweka hazina. Walinunua jeki kubwa, mnyororo mnene wa kukokotea, turubai mbili na pembe tatu zinazong'aa, na vitu hivyo huwekwa katika duka moja linalofunguliwa hadi usiku. Mmoja akikwama, trekta lililo karibu na tupu humwendea, naye hulipia dizeli tu. Trela ndilo huvutwa kwanza! Trekta lililokufa linaweza kulala njiani, kwa sababu halioshwi na mvua likaharibika.

Mpango huo nao una kasoro zake. Mwezi wa Novemba matrekta yote saba huwa kazini, na aliyekwama husubiri. Kuna aliyetoa fedha msimu mmoja, msimu wa pili akasema ati trekta lake ni jipya haliwezi kuharibika. Wenzake waliamua kwamba akikwama watamvuta, ila atalipa mara mbili. Na ulipotokea ugomvi kuhusu mnyororo uliokatika, ilibidi waandike masharti kwenye daftari. Kwa hiyo hata majirani walihitaji hati.

Mafundi wote wawili waliniambia pia kwamba mengi yanayoitwa kuharibika njiani huanzia nyumbani. Beringi za magurudumu ya trela husahauliwa kwa sababu trela halina injini ya kupiga kelele. Zikikosa grisi huchemka, na gurudumu laweza kuchomoka lote. Pini inayofunga trela kwenye trekta huchakaa, na mtu huibadilisha kwa kipande cha nondo. Tairi la akiba watu hubeba la trekta au hawabebi kabisa, ilhali la trela ndilo hupasuka. Hata msaada ukifika mbio, bila tairi la kipimo kile watafanya nini?

Na wakati wa kupiga simu, usiseme tu "nimekwama karibu na shule." Shule ni nyingi. Taja barabara, kituo ulichopita mwisho na unakoelekea. Sema unakokota trela la magurudumu mawili au manne, magunia ni mangapi, na kilichovunjika ni cha trekta au cha trela, ili waje na gari lenye nguvu na vifaa vinavyofaa. Mjomba ameandika maelezo hayo yote, pamoja na namba za simu za wenzake sita, kwa rangi nyeupe ubavuni mwa trela lake, kwa sababu tanboi hubadilika kila msimu na simu ya dereva huishiwa na chaji.