Bendera ya Taifa Katika Kioo cha Kompyuta

Huenda wewe ni mzazi mkaaji wa Naguru, mjini Kampala, na mwanao anakuomba kompyuta mpya ili ajifunze kuandika programu za kuchora picha. Kabla hujazigusa fedha za karo, yafaa ufahamu kwamba kazi hiyo ilianza kwa mashine dhaifu mno, na kwamba udhaifu ule ulikuwa na mafunzo yake.

Picha ya kompyuta hufanana na mkeka: husukwa kwa nukta moja moja, na kila nukta yahitaji nafasi katika kumbukumbu. Kadi ya CGA, iliyotolewa na IBM mwaka 1981, ilikuwa na baiti 16,384 tu. Nukta 320 kwa 200 ni 64,000. Baiti moja ikibeba nukta nne, zilikwisha baiti 16,000. Kwa hiyo rangi hazikuzidi nne. Aliyetaka nukta 640 kwa upana alibaki na rangi mbili. Ndiyo hali ya matumizi ya nyumbani: ukiongeza nyama, utapunguza sukari.

Hebu tuitazame bendera ya Uganda, iliyopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962. Ina milia sita, nyeusi, manjano na nyekundu, ikirudiwa mara mbili, na duara jeupe lenye korongo katikati. Seti moja ya CGA ilikuwa na kijani, nyekundu na manjano, pamoja na rangi ya nyuma aliyoichagua mwandishi wa programu. Akichagua nyeusi, alikosa nyeupe ya duara. Akichagua nyeupe, alikosa mlia mweusi. Ilipotoka kadi ya EGA mwaka 1984, yenye rangi 16 kwa pamoja, ndipo bendera ilipoweza kukamilika.

Tatizo la pili lilikuwa wingi wa kadi. Kadi ya Hercules ya mwaka 1982 ilikuwa na nukta 720 kwa 348, lakini rangi moja tu. Programu iliyoandikwa kwa kadi moja ilishindwa kwenye nyingine. Mwaka 1987 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal 4.0 ikiwa na faili la pekee kwa kila aina ya kadi. Amri InitGraph iliweza kuitambua kadi iliyomo, na GetMaxX na GetMaxY zikaeleza ukubwa wa kioo. Mpishi mwema naye huuliza idadi ya wageni kabla ya kupima unga.

Leo Free Pascal hutolewa bure, nayo ingali na amri hizo. Mpe mwanao zoezi hili: kioo cha VGA kina nukta 640 kwa 480, na urefu wa bendera kwenda juu ni theluthi mbili za upana wake. Akitumia 480 zote, upana utakuwa 720, nao hauingii. Akichukua 420, upana ni 630, na kila mlia ni nukta 70 kamili. Hesabu hiyo aifanye daftarini kwanza.

Akiisha kuiweza, kompyuta kuukuu iliyomo nyumbani itamtosha kwa muda mrefu. Karo na ilipwe kwanza.